Dada Biskuti na Pakiti ya Mbele

Kila asubuhi, dakika kumi kabla ya supamaketi kufunguliwa, Dada Biskuti alitoka nje kwa mlango wa wafanyakazi, akazunguka jengo zima kupitia kwenye mapipa ya taka, kisha akaingia tena kwa mlango wa wateja na kikapu kitupu mkononi. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anajifanya mteja.

"Karibu mteja," mlinzi alimwambia, kwa sauti ileile ya miaka yote.

"Asante. Duka lenu lina nini leo?"

"Lina wewe, ila wewe hujabandikwa bei."

Basi anaingia, anaiacha miguu impeleke inakotaka, na macho yatue yanapotaka. Macho yakigongana na mnara wa makopo uliopinda, au lebo ya bei iliyogeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, mteja anaguna, anasonya, anatikisa kichwa. Dakika kumi zikiisha anakitua kikapu, anafunga aproni, na kuanza kurekebisha yote yaliyomuudhi. Katika maisha yake ya kazi amehudumia walevi, wagomvi, na mama mmoja aliyetaka kurudisha tikiti maji alilokwisha kulila nusu, lakini hajapata kuona mteja mkorofi kama huyo wa asubuhi.

Kazi yake ni kupanga bidhaa. Miaka kumi na minne amepanga, kumi kati ya hiyo katika mstari wa biskuti, sabuni na unga wa watoto, na ndiko alikopatia jina. Wachache sana walijua kwamba mwanamke yule mwenye alama ya katoni kwenye kila kiganja alikuwa na shahada ya uzamili ya masoko, aliyoisoma jioni kwa miaka minne, akienda darasani na aproni kwenye mkoba. Keshia wa kaunta namba mbili, binti mwenye kucha ndefu na mdomo mrefu kuliko kucha, alipoigundua siri hiyo hakulala nayo hata usiku mmoja.

"Jamani, njooni mwone! Tuna msomi huku! Uzamili mzima, halafu anapanga biskuti!"

"Biskuti hazijawahi kuniuliza kama nina uzoefu wa miaka mitano," Dada Biskuti alimjibu, na kuendelea kupanga.

Siku moja likaja tangazo. Lilitumwa kwenye kundi la simu la wale aliosoma nao uzamili, kundi ambalo kwa kawaida lilikuwa la kupongezana siku za kuzaliwa na kuuziana viwanja. Chuo kikuu kilikuwa na nafasi moja ya uzamivu katika masoko na tabia za walaji, ufadhili kamili, miaka mitatu, ada na posho ya kila mwezi. Mwombaji awe na uzamili. Alete pendekezo la utafiti lenye matokeo ya awali, yaani awe tayari amekwisha kuchungulia kidogo. Na asiwe ametimiza miaka arobaini siku maombi yanapofungwa.

Maombi yalikuwa yanafungwa baada ya wiki tano, tarehe thelathini. Dada Biskuti alikuwa anatimiza arobaini tarehe tatu ya mwezi unaofuata. Alihesabu kwa vidole, akarudia kwa kalenda, na jibu likabaki lilelile: alikuwa ameuwahi mlango kwa siku tatu tu. Mwaka kesho asingekuwa mwombaji tena. Angekuwa shangazi wa waombaji.

Alimweleza mama yake jioni ile, jikoni, mama akiwa anachambua mchele.

"Ngoja nielewe," mama alisema bila kuinua macho. "Chuo kitakulipa miaka mitatu uwaangalie watu wakinunua vitu."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe miaka kumi na minne unawaangalia bure."

"Ndiyo, mama."

"Hicho chuo kilikuwa wapi siku zote?" Mama alitupa jiwe dogo kwenye ndoo. "Haya, omba. Lakini usiwaambie kwamba huwa unawaangalia bure, watakupunguzia."

Pendekezo lake la kwanza, lililomla karibu wiki tatu, lilikuwa zuri kwa namna mbaya. Lilihusu kimo cha rafu: je, watu hununua zaidi kilichopangwa usawa wa macho kuliko kilichopangwa usawa wa magoti? Ni swali ambalo limeulizwa na kila mtu aliyewahi kusoma masoko na kila aliyewahi kuuza karanga, lakini Dada Biskuti aliona bora swali chakavu kuliko kutokuwa na swali. Mbinu yake ilikuwa rahisi. Alichukua aina moja ya biskuti iliyopangwa rafu tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Kila rafu ilikuwa na safu kumi, na kila safu pakiti kumi kwenda nyuma. Pakiti ya mbele ya kila safu aliitia nukta ndogo ya kalamu chini ya mkunjo, bluu kwa juu, nyekundu kwa kati, nyeusi kwa chini. Nukta thelathini. Kaunta ingemwambia ni rangi gani imetoka zaidi.

Keshia alikubali kuchungulia mikunjo kwa sharti la kushikiwa zamu ya mchana Ijumaa mbili.

Wiki ilipita. Jumamosi, Dada Biskuti alimfuata kaunta namba mbili akiwa na daftari.

"Haya, nipe."

"Nikupe nini?"

"Nukta. Bluu ngapi, nyekundu ngapi, nyeusi ngapi."

"Hakuna."

"Hakuna bluu?"

"Hakuna nukta, dada. Hata moja. Hata ya dawa."

Dada Biskuti alimtazama kwa macho ambayo kwa kawaida aliyaweka kwa wateja wanaofungua pakiti ili kuonja. "Wewe hukuangalia."

"Mimi?" Keshia aliweka kalamu chini. Mstari wa wateja ulitulia. Raha ya kugombana mbele ya watu ni kwamba watu hawalalamiki kuchelewa. "Mimi nimechungulia makalio ya biskuti wiki nzima! Nimemgeuzia mzee mmoja pakiti yake mpaka akaniuliza kama nimepoteza hereni! Shingo inaniuma! Halafu unaniambia sikuangalia?"

"Wiki hii tumeuza katoni kumi na moja za biskuti hizo."

"Basi zimepita zote bila nukta. Kaulize biskuti zako, usiniulize mimi. Na Ijumaa zangu nazitaka zote mbili."

Alirudi kwenye mstari wake akiwa amenuna. Ilibaki siku tisa. Alisimama mbele ya rafu ambayo alikuwa ameijaza mwenyewe asubuhi hiyo, na jana yake, na juzi yake. Akachukua pakiti ya mbele ya safu ya kwanza, akaigeuza. Nukta ya bluu. Akachukua ya safu ya pili. Bluu. Ya tatu, bluu. Akapiga magoti kwenye rafu ya chini: nyeusi, nyeusi, nyeusi. Pakiti thelathini zote zilikuwa palepale zilipowekwa wiki iliyopita, zimesimama kama walinzi wa benki, na nyuma yake katoni kumi na moja zilikuwa zimepita kwenda majumbani kwa watu.

Aligeuza kreti la soda, akakaa.

Hapa lazima ielezwe sheria moja ya kazi yao. Katika kupanga bidhaa, kilichoingia kwanza hutoka kwanza. Meneja aliiita "mzee mbele, kijana nyuma", na aliipenda sentensi hiyo kiasi cha kuibandika kwenye mlango wa stoo. Pakiti ya zamani ikae mbele, mpya iingie nyuma, ili kitu kisipitwe na muda kikiwa rafuni. Dada Biskuti alikuwa akifanya hivyo mara kumi kwa siku, na hata hivyo kila baada ya miezi michache pakiti zilizopitwa na muda zilikutwa mbele kabisa, mahali pa heshima, na meneja alimwandikia barua ya onyo. Alikuwa na barua tatu. Katika zote alituhumiwa kwamba hapangi.

Kumbe alikuwa anapanga. Wateja ndio walikuwa hawachukui. Walikuwa wanaipita pakiti ya mbele, wanaingiza mkono nyuma yake, na kuchomoa ya pili. Halafu yeye anakuja, anaona pengo nyuma ya pakiti ya mbele, anaingiza mkono uleule walipoingiza wao, anavuta nyingine, anajaza. Mara kumi kwa siku kwa miaka kumi na minne amekuwa akiziba tundu hilo kwa vidole vyake mwenyewe, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini tundu liko nyuma na si mbele. Mkono ulijua. Kichwa hakikuambiwa.

Alianza kucheka peke yake pale kwenye kreti, kicheko cha chini chini, mpaka meneja akatokea.

"Kuna kichekesho?"

"Mkuu, umewahi kuchukua pakiti ya mbele?"

"Ya nini?"

"Ya chochote."

"Kila siku," meneja alisema kwa hasira kidogo, kama aliyeulizwa kama hupiga mswaki. "Mimi ni mtu wa mfumo. Mzee mbele." Kisha, kwa kuwa alikuwa hapo na alikuwa na njaa, alinyoosha mkono wake wa mfumo, akaisogeza pakiti ya mbele kwa nyuma ya vidole, akachomoa ya pili, na kwenda zake kaunta.

Pendekezo la kimo cha rafu lilienda kwenye pipa jioni ile. Mama yake aliliokoa na kulitumia kufunikia mtungi wa maji.

Kwa siku tano zilizofuata Dada Biskuti alipanga bidhaa huku akipeleleza. Alijifanya anafuta vumbi. Alimwona baba mmoja aliyebeba mtoto begani: akachukua ya mbele, akaigeuza, akasoma nyuma yake kwa makini kama mkataba wa nyumba, akairudisha, akachukua ya pili bila kuisoma kabisa. Alimwona bibi mwenye fimbo aliyeipita ya kwanza, ya pili na ya tatu, akaondoka na ya nne, uso umejaa ushindi. Kila aliyemaliza kuchukua, Dada Biskuti alimkaribia na daftari lake, akamwomba msamaha, na kumuuliza. Ni hapo alipojifunza kwamba watu wanaweza kusema ukweli kuhusu ndoa zao, ugonjwa wao na dini yao, lakini si kuhusu biskuti.

"Mimi? Sijachukua ya nyuma," alisema mwanamke mmoja, akiwa ameishika.

"Ilikuwa karibu," alisema kijana ambaye mkono wake ulikuwa umeingia rafuni mpaka kwenye kiwiko.

"Zote ni sawa," alisema mwalimu mmoja.

"Basi chukua hii ya mbele, mwalimu."

"Hapana, hii inatosha."

Aliyekaribia ukweli alikuwa fundi bomba aliyekuja na ovaroli lake na harufu ya kazi yake. "Hiyo ya mbele imeshikwashikwa," alisema.

"Imeshikwa na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

Fundi bomba aliitazama mikono yake, akaitazama pakiti, akamtazama Dada Biskuti. "Wachafu wachafu hivi," alisema, na kuondoka haraka.

Aliwauliza watu arobaini na wawili. Kumi na tisa walikana, kumi na wawili walisema ni bahati tu, wanane walitaja usafi, wawili waliuliza kama kuna zawadi, na mmoja alimwomba namba ya simu. Siku ya tano, akirudi nyumbani, alipita kwenye mstari wake mwenyewe kujinunulia sabuni ya kufulia. Alipofika kaunta, keshia aliigeuza sabuni na kuinua nyusi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Rafuni."

"Safu ya mbele bado imejaa, nimepita nyuma yako sasa hivi. Profesa! Umechukua ya pili!"

Dada Biskuti aliitazama sabuni. Ilikuwa kweli. Tena ile ya mbele alikuwa ameiweka yeye mwenyewe, kwa mikono yake, nusu saa iliyopita. Hakuna mtu aliyeigusa. Alitafuta sababu kichwani kama mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu.

"Andika arobaini na watatu," keshia alimwambia, akivunjika mbavu. "Na wewe uandike umekana."

Alituma maombi tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi, akiwa stoo amekaa juu ya katoni za unga. Kichwa cha pendekezo kilikuwa na maneno manne tu: "Pakiti ya Mbele Haichukuliwi". Baada ya wiki mbili, akiwa na miaka arobaini na siku kumi, aliitwa kwenye usaili.

Mama alimpigia pasi blauzi ya bluu mara mbili na kumpa ushauri wa mambo matatu: asijikune, asiseme "jamani", na asipange vitu vya watu mezani.

Nje ya chumba cha usaili kulikuwa na benchi na vijana watano wenye kompyuta mapajani. Aliyekaa karibu naye alikuwa na tai ya kipepeo na makaratasi mengi kuliko mikono yake ilivyoweza kubeba. Alimtazama Dada Biskuti, akatabasamu kwa adabu.

"Mama, samahani, chai huwa mnaleta saa ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nimekuja kukunyang'anya nafasi."

Kijana alirudi kwenye makaratasi yake. Hakuzigeuza tena kurasa.

Ndani kulikuwa na watu watatu. Mhadhiri wa takwimu, mwembamba, mwenye miwani inayoteleza. Mhadhiri wa masoko, mnene, mwenye kicheko kinachotangulia maneno yake. Na katikati, mwenyekiti wa jopo, profesa mwanamke mwenye mvi fupi, ambaye hakusema hata "karibu". Aliinamisha tu kichwa na kuendelea kusoma.

"Pakiti thelathini," alianza wa takwimu. "Duka moja. Bidhaa moja. Hii ni sampuli au ni mzigo wa kikapu?"

"Ni mzigo wa kikapu, mheshimiwa. Ndicho nilichoweza kabla hamjafunga mlango."

"Na hao waliohojiwa, asilimia arobaini na tano wamekana jambo ulilowaona wakilifanya. Takwimu hizo utazitumiaje?"

"Sitawauliza tena. Nitahesabu mikono."

Wa masoko alicheka kwanza, kisha akauliza. "Dada yangu, si ni usafi tu? Watu wanaogopa kilichoguswa. Jambo dogo. Miaka mitatu ya nini?"

Dada Biskuti alikuwa na jibu la kurasa mbili aliloliandaa kwa swali hilo. Lakini macho yake, ambayo kila asubuhi aliyaachia yatue yanapotaka, yalikuwa yametua mezani. Kulikuwa na trei. Juu ya trei mhudumu alikuwa amepanga chupa sita za maji, safu mbili, tatu mbele na tatu nyuma, upande wa jopo. Chupa tatu za mbele zilikuwa zimesimama, vifuniko vizima. Za nyuma hazikuwepo. Kila mjumbe alikuwa na yake mkononi au mbele yake.

Alikumbuka ushauri wa mama kuhusu vitu vya watu mezani, akaupuuza.

"Samahani," alisema. "Hizo chupa zimeguswa na nani?"

Wajumbe wote watatu waliitazama trei. Miwani ya mhadhiri wa takwimu iliteleza mpaka ncha ya pua.

"Mimi," alisema wa masoko, bila kicheko, "yangu ilikuwa karibu."

"Ilikuwa mbali kuliko zote," alisema wa takwimu.

"Na yako je?"

"Yangu nilipewa."

"Ulipewa na nani? Si umeichukua mwenyewe, nimekuona!"

Walibishana hivyo kwa muda, kama wateja wawili kwenye kaunta namba mbili, na Dada Biskuti, kwa mazoea ya kazi, akatoa daftari na kuandika arobaini na wanne na arobaini na watano.

Kwa nini alipata nafasi ile, kila mtu ana maelezo yake. Keshia anasema ni kwa sababu ya shingo yake iliyouma. Meneja, ambaye amebandika nakala ya barua ya chuo kwenye mlango wa stoo chini ya sentensi yake, anasema ni matunda ya mfumo, na zile barua tatu za onyo hazionekani tena kwenye faili. Mama anasema ni blauzi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwemo chumbani.

Waliokuwemo wanajua kwamba profesa mwenye mvi alikaa kimya usaili mzima, na kwamba wenzake walipomaliza kugombea chupa, aliyafunga makaratasi, akavua miwani, na kuuliza swali lake la kwanza na la mwisho.

"Kwa nini tunachukua ya nyuma?"

"Sijui," alisema Dada Biskuti. "Nimewauliza watu arobaini na watano, wote wamenidanganya, na mmoja wao ni mimi. Ndiyo maana naomba miaka mitatu."